Beli: kulisha samaki bila kuwashibisha

Kuna neno moja la Waaustralia ambalo limenishinda kulitafsiri. Si neno la darasani wala la mahakamani, ni neno la wavuvi. Wenyewe huliandika berley. Likitoka kinywani mwa mtu wa hapa linatua sikioni kama beli, kwa hiyo nami nitaliandika hivyo, beli, mradi tunaelewana.

Beli ni chakula anachomwagiwa samaki majini ili asogee karibu na ndoana. Najua kuna mdau ameshasema, "Ah, si chambo tu hicho!" Hapana mkuu. Chambo kinakaa kwenye ndoana, na anayekila analipa. Beli haina ndoana. Inamwagwa bure, samaki wanakuja kuitafuta, halafu wewe unatumbukiza ndoana yako yenye chambo katikati ya ile shughuli. Chambo ni kadi ya mwaliko ya mtu mmoja. Beli ni tarumbeta linalopita mtaa mzima.

Nimeijua kwa sababu ninaishi karibu na maji yanayoitaka. Nasoma Wollongong, mji ulio kama kilomita 80 kusini mwa Sydney, na wikiendi nikichoka na vitabu hupanda basi hadi Windang. Hapo ndipo Ziwa Illawarra linapokutana na bahari. Wanaliita ziwa lakini maji yake ni ya chumvi. Ni kama hori kubwa lililozungukwa na mchanga, lenye ukubwa wa kilomita za mraba kama 35 na kina cha wastani cha mita 2 tu. Zamani mdomo wake ulikuwa ukizibwa na mchanga, ziwa likabaki limefungiwa kama maji ya kwenye beseni. Mwaka 2007 zilikamilika kuta mbili za mawe zinazoingia baharini, na tangu hapo mdomo uko wazi, maji yanaingia na kutoka kila siku.

Mimi ni mtu wa Dar. Kwetu bamvua likija, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mchana unatembea kwa miguu mahali ambapo asubuhi mtumbwi ulikuwa unaelea. Huku tofauti ya maji kujaa na kupwa baharini ni kama mita 2 kwa siku kubwa, na ukishaingia ndani ya ziwa inapungua kabisa. Lakini mkondo wa pale mdomoni, chini ya daraja, usiombe. Unakimbia kama daladala inayowahi abiria. Shikeni neno hilo, mkondo, maana beli bila mkondo ni kelele tu.

Pale Windang ndipo nilipokutana na Mzee.

Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anaongea na simu kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika kwamba hakuna anayemwelewa kilomita 100 kuzunguka pale. Alipokata simu nikamsogelea: "Shikamoo Mzee." Akageuka taratibu, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Marahaba, mutoto. Unatoka wapi?"

Ni mtu wa Uvira, Kongo, pale kichwani mwa Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Bujumbura. Hiyo marahaba aliipata Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alikokaa miaka mingi kabla ya kuletwa Australia na familia ya mwanawe. Jina lake silitaji, hakunipa ruhusa na sikuiomba. Kwangu ni Mzee, inatosha.

Siku hiyo alikuwa na mjukuu wake, kijana wa miaka 12, aliyekaa pembeni na simu ya mama yake anacheza gemu. Ndoo ya Mzee ilikuwa na maji matupu. Nikauliza kama samaki wamegoma. Akasema wamegoma tangu mwezi wa tatu. Huo ulikuwa mwezi wa tano.

Sasa elewa, huyu si mtu aliyejifunza kuvua ukubwani ili apoteze muda. Huyu amezaliwa ndani ya kazi. Alikuwa akiingia ziwani usiku wa giza, taa za karabai zimening'inia mbele ya mtumbwi, wakivua ndagala, hao sisi tunaowaita dagaa, na wakubwa wanaowafuata, ambao Kigoma wanaitwa migebuka na kwao Uvira wanaitwa mikeke. Mwezi ukiwa mpevu hawaingii, maana nani atakuja kwenye taa yako wakati mbingu yote ina taa? Mtu wa namna hiyo kukaa miezi miwili na ndoo tupu si jambo dogo. Na shahidi wa ule utupu alikuwa mjukuu. Yule kijana amezaliwa kambini. Babu yake hajapata kumwona akivua hata siku moja. Alichomwona akifanya ni kusimama kwenye foleni ya mgao na kadi mkononi. Mzee alikuwa anakuja Windang kumwonyesha kwamba kabla ya foleni kulikuwa na mtu mwingine.

Mimi beli nilikuwa nimefundishwa na mwenyeji mmoja, fundi bomba mstaafu ambaye anavua pale tangu akiwa shule ya msingi. Ngoja niwamegee somo lake, halafu tutarudi kwa Mzee.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba maji ya kina kifupi hayasamehe. Baharini kwenye mita 40 unaweza kumwaga vichwa vya samaki na damu, ikashuka, ikatawanyika, mambo yakaenda. Kwenye mita moja na nusu, samaki anakuona. Kivuli chako kinamfikia, mshindo wa ndoo kwenye boti unamfikia. Brimu, ambaye ndiye samaki anayetafutwa na wengi pale, ni wa rangi ya fedha mwenye mapezi ya manjano, umbo lake linakaribia changu wetu, na ana wasiwasi kama mtu anayedaiwa kodi. Kumfuata alipo ni kumfukuza. Kwa hiyo unakaa kimya mahali pamoja na kuiacha harufu ikufanyie kazi ya miguu.

Na harufu inafanya kazi kwelikweli. Samaki ana matundu ya pua ambayo hayapumulii, kazi yake ni kunusa tu. Chakula kinapolowa, vijenzi vya protini vinayeyuka na kusafiri na maji. Samaki aliye chini ya mkondo anakutana na ule mstari wa harufu, anaufuata kuelekea juu, na kila akisonga inazidi kuwa kali. Ndiyo maana mkondo ni kila kitu. Bila mkondo harufu inakaa pale pale kama moshi kwenye chumba kisicho na dirisha. Ukiwa na mkondo, una barabara.

Pili, mahali. Maji yanapojaa, samaki wanapanda nayo hadi juu ya mafungu ya mchanga na kwenye majani ya bahari kutafuta kaa na kamba wadogo. Yanapokupwa wanarudi kwenye mkondo wenye kina na kusubiri pembeni, kwenye kingo, waletewe chakula na maji yanayoshuka. Wewe unajiweka upande wa juu wa ile kingo, unatupa beli mbele zaidi kuelekea maji yanakotoka, ili ikifika chini ifikie palepale ndoana yako ilipo. Wengi wanatupa beli miguuni mwao, inachukuliwa na mkondo mita 30 kule chini, samaki wanakula kule, wao wanavua huku. Hapo umewafanyia wenzako sadaka.

Tatu, mapishi. Mkate uliokauka, uliolowekwa na kuvurugwa. Pumba. Chakula cha kuku wa mayai, kile cha punje, kinavimba na kuvunjika taratibu. Mifupa na vichwa vya samaki wa jana vilivyosagwa. Mafuta kidogo ya samaki kwa ajili ya harufu. Halafu mchanga mbichi wa palepale ufukweni, ambao hauliwi na yeyote lakini unaipa beli uzito izame badala ya kuelea. Wengine wanatia vyote kwenye mfuko wa neti wa vitunguu, wanaufunga kamba na kuuzamisha, unavuja wenyewe polepole.

Nne, na hapa ndipo kuna siri yote: kidogo kidogo, bila kukatiza. Kiganja kimoja, dakika chache, kiganja kingine. Chembe ziwe ndogo sana, samaki apate ladha asipate mlo. Ukianza kuona mshipi unachezwa, punguza. Chambo kwenye ndoana kifanane na kilichomo kwenye beli, na chubwi iwe nyepesi kadiri mkondo unavyokuruhusu, ili chambo kisafiri kama chembe nyingine, ila kiwe ndiyo chembe kubwa kuliko zote. Fundi wangu alinipa nusu saa: kama nusu saa ya beli ya kweli haijaleta mtu, hapo hapana mtu, hama.

Nilishuhudia kinyume cha somo hilo kwa macho yangu. Alikuja jamaa na ndoo nzima ya utumbo wa samaki na mikate, akaimwaga yote kwa mara moja, plaa! Kwa dakika tano maji yalichemka. Kwanza wakaja mwari wanne, wale ndege wenye mdomo kama kapu, wakatua kama ndege za kivita. Kisha akaja taa mwenye mwiba, mpana kama meza ya kahawa. Kisha wakaja bunju. Sisemi Bunju ya kwenye daladala, nasema bunju mwenyewe, yule samaki wa sumu anayejaza tumbo upepo. Maji ya huku yamejaa wadogo wa ukoo huo, na hakuna anayewahi karamu kama wao. Walimla yule jamaa chambo kwenye kila ndoana, wakamkatia na mishipi. Brimu kama walikuwepo, walishiba na kwenda kulala. Ukimwaga kwa pupa, wanaofika kwanza ni wale usiowataka.

Sasa turudi kwa Mzee.

Nilipomaliza kumweleza yote haya, kwa heshima na kwa mifano, nikafungua mfuko wangu na kutoa mkate niliokuja nao. Mkate wa siku nne, mgumu kama tofali. Mzee akaushika, akaugeuza, akaunusa. Kisha akaurudisha mkononi mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake, kama mtu anayemrudishia mtoto pesa.

"Mutoto wangu, mukate unatupa mu maji?"

Nikasema umeshakauka, Mzee, hauliki. Akasema, "Unalika. Unalowesha mu chai, unalika." Halafu akanieleza habari za mgao. Mgao wa kambini ulikuwa na vipindi vya kupunguzwa. Mwaka 2017, kwa mfano, wakimbizi walioko Tanzania walipunguziwa chakula kwa sababu fedha za wahisani hazikutosha. Mzee alisema mke wake alikuwa anahesabu maharage. Sisemi alikuwa anapima, nasema alikuwa anahesabu. Marehemu mama yule, alisema, akimwona mumewe anatupia samaki mkate, angetoka kaburini.

Nilidhani hoja imeishia hapo, lakini alikuwa na nyingine. Akaangalia begi langu la kamera. Akasema kambini walikuwa wakija watu wakubwa na magari, wanashuka na biskuti, wanawaita watoto, watoto wanakimbilia, kamera zinapiga, magari yanaondoka. Biskuti moja kila mtoto. "Ile haikuwa chakula," alisema. "Ilikuwa kitu ya kuita batoto karibu na kamera."

Wadau, mimi ni mwandishi wa habari. Kamera ndiyo inayonilipia kodi ya chumba. Nilikaa kimya muda mrefu sana nikitazama boya za watu wengine zikicheza kwenye maji.

Na nikiwa kimya vile ndipo nilipoona kwamba Mzee ameieleza beli vizuri kuliko fundi wangu. Toa kidogo. Toa kinachonukia. Usishibishe. Acha waje wenyewe, waamini wamejiamulia. Mnaokumbuka uchaguzi wa 2005 nyumbani mnalikumbuka na neno takrima. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2000 yaliruhusu mgombea awakirimu wapiga kura, eti ni ukarimu wa kawaida wa kijadi. Ikawa pilau, khanga, fulana na kofia. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema vifungu vile vinavunja Katiba, vikafutwa. Lakini ukiuondoa mfuko wa neti majini harufu inabaki, na sisi wa habari tunaijua vizuri, kwa sababu nasi tuna yetu: ile bahasha inayoitwa nauli, mwishoni mwa mkutano na waandishi. Hakuna aliyewahi kujenga nyumba kwa nauli hiyo. Haikusudiwi ujenge. Inakusudiwa urudi.

Kwa hiyo sikumbishia Mzee. Ila sikutaka arudi nyumbani na ndoo tupu mbele ya yule kijana kwa mwezi wa nne. Nikaenda kutafuta beli ambayo mtu aliyehesabu maharage angeweza kuitupa.

Uduvi na kamba wa dukani hawakufaa, na hili naomba wenzangu wa ughaibuni mlisikie. Wengi wetu tunanunua kamba wa bei nafuu waliogandishwa kutoka nje ya nchi, tunakula nusu, nusu tunatia kwenye ndoana na maganda tunayamwaga. Desemba 2016 ugonjwa wa kamba wa madoa meupe ulilipuka kwenye mashamba ya kamba ya Mto Logan, jimbo la Queensland. Mwaka 2022 ukaonekana kwenye mashamba ya karibu na Mto Clarence, huku New South Wales. Kirusi chake hakimdhuru mtu, lakini kamba kinawamaliza, na kinaweza kusafiri ndani ya kamba mbichi aliyegandishwa. Ndiyo maana wanasisitiza: kamba walioagizwa kwa ajili ya kitoweo waishie jikoni, wasiingie majini. Nunua chambo kwa wauza chambo, au vua chako mwenyewe pale pale.

Jibu nililipata kwenye kuta za mawe. Kuna samaki anaitwa luderiki, wa kahawia mwenye mistari mistari, ambaye kama tasi wetu chakula chake kikubwa ni majani. Anazunguka kwenye mawe akila mwani mwembamba wa kijani unaofanana na nywele. Wanaomvua wanachuma mwani huohuo, wanasokota uzi wake kwenye ndoana ndogo chini ya boya, na beli yao ni mwani huohuo uliokatwakatwa na kuchanganywa na mchanga mbichi. Basi. Hakuna mkate, hakuna pumba. Chakula cha ziwa kinarudi ziwani.

Kuna jambo jingine nilimsomea Mzee, na naamini ndilo lililomgeuza. Waingereza walipofika Sydney mwaka 1788 walikuta wanawake wenyeji wakivua kwa mshipi kutoka kwenye vimtumbwi vya magome ya mti, moto mdogo unawaka humo humo ndani, mtoto pajani. Ndoana zao walizichonga kwa kombe la konokono wa baharini. Na waliandikwa kuwa walitafuna kome na chaza, wakatema ndani ya maji ili samaki waje. Hiyo ni beli, kabla neno lenyewe halijaandikwa popote. Mwanamke yule hakuwa anatupa chakula. Alikuwa anatoa kilichomo kinywani mwake.

Mzee akatikisa kichwa. "Huyo anavua kama mutu," akasema. Kisha baada ya kitambo: "Na taa yetu ilikuwa vile vile." Akamwita mjukuu, akamwamuru aweke simu chini, akaanza kumweleza. Taa haiwaiti ndagala, inawaita wadudu wa majini wasioonekana. Wadudu wanawaita ndagala. Ndagala wanawaita mikeke. Wewe umewasha kitu kimoja tu, vingine vinaitana vyenyewe. Kijana akauliza, "Kama influensa?" Mzee akanitazama nimtafsirie. Nikasema ndiyo Mzee, kama influensa.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwenye mawe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yamejaa na yanaanza kugeuka. Baridi ya mwezi wa sita huku si ya mchezo. Kijana alipewa kazi ya kukata mwani kwa mkasi wa jikoni, na Mzee akachanganya na mchanga, akafinyanga madonge ya ukubwa wa andazi. Donge moja mbele ya mkondo. Subira. Donge jingine. Mimi nilikaa na saa, maana niliogopa atatupa kwa pupa. Nilijisumbua bure. Mkono uliotupa nyavu miaka 30 hauna pupa. Alikuwa anatupa kama mtu anayenyunyiza chumvi.

Dakika ya ishirini hivi boya lilisimama wima, likazama taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi. Luderiki haikwapui ndoana. Ukivuta haraka umemnyima muda wa kumeza. Mzee hakuambiwa hayo na mtu, aliyasoma kwenye boya. Akahesabu kimoyomoyo, akainua mkono.

Yule samaki alipima sentimita 31. Kisheria huku luderiki asipungue sentimita 27, na kwa siku usichukue zaidi ya 10. Brimu ni sentimita 25, na 10 pia. Kuna ada ya uvuvi ya kulipa kabla hujashika mshipi, isipokuwa kwa makundi fulani kama wenyeji wa asili na wazee wanaopokea pensheni, na maofisa wa uvuvi wanapita kweli na rula. Mgeni asome sheria kwanza, ndoana baadaye. Tulipata watano. Wawili walikuwa wadogo, kijana ndiye aliyewapima na ndiye aliyewarudisha, kwa mikono miwili, akisubiri wapate pumzi ndipo awaachie. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Alimwona babu akifanya kwa yule wa kwanza.

Wakati wa kufunga vyombo kijana alimuuliza babu yake swali kwa Kiingereza, akajisahihisha akaliuliza kwa Kiswahili: "Babu, kule Uvira ulikuwa bosi?" Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema alikuwa na taa mbili, kuna waliokuwa na kumi. Lakini nilimwona anavyobeba ile ndoo kuelekea kituo cha basi. Aliibeba mkono wa nje, upande wa barabara, ionekane.

Tangu siku hiyo tumevua mara nyingi. Siku nyingine ndoo inarudi tupu, kama kawaida ya kazi. Mwani anatupa, na mifupa ya samaki tuliokula anaisaga na kuirudisha. Mkate hajatupa hata chembe, na hatatupa. Mimi nami nimeacha kuleta mkate nikiwa naye, si kwa sababu ameniambia, ila mkono wangu wenyewe unaona haya.

Na kamera? Nimemuuliza kama naweza kumpiga picha akiwa na samaki. Akafikiri. Akasema, "Kwanza ukule na sisi." Basi nilikwenda nikala. Luderiki wa kukaanga, ugali wa muhogo, sombe iliyopondwa na binti mkwe wake kwa mashine kwa sababu kinu wamekikosa. Nilipewa sahani, ikajazwa, nikamaliza, ikajazwa tena. Hakuna aliyehesabu. Hiyo siyo beli, ndugu zangu. Hicho ni chakula. Tofauti yake unaijua ukishiba.

Picha bado sijapiga, na leo hamtaiona humu. Zamu yangu ya kwenda kuchuma mwani ni Jumamosi, maji yanajaa alfajiri. Mwenye neno la Kiswahili la hii beli anitumie, wazee wa Pangani, Kilwa na Lamu lazima wanalo. Mimi na Mzee kwa sasa tunaiita "hodi".